Je, Ni Kazi Moja? Tahakiki ya Istilahi za Vimeng'enya Ndugu

1. Utangulizi

Miongoni mwa rasimu zilizoletwa mezani petu ili zihakikiwe lugha, ipo moja iliyotushughulisha kupita kawaida. Ni tafsiri ya kitini kilichokusudiwa kutumiwa na maofisa mifugo wasaidizi pamoja na walimu wa biolojia wa kanda ya kati, yaani mikoa ya Dodoma na Singida. Kitini chaeleza jinsi vimelea vya nagana na malale vinavyoishi ndani ya mnyama na ndani ya mdudu, na kwa nini wataalamu wanatafuta dawa mpya za kuviangamiza. Hatutaitaja ofisi iliyokileta wala mfasiri wake, kwa kuwa makosa tutakayoyajadili si yake peke yake. Ni makosa yetu sote tunaotafsiri sayansi kwa Kiswahili.

Kwa jumla tafsiri ni nzuri. Sentensi zake ni fupi, na pale ambapo Kiswahili kina neno lake mfasiri hakukimbilia kukopa. Kile kiungo chembamba ambacho kimelea hukitumia kuogelea amekiita mjeledi, na jina hilo lafaa. Kasoro imo katika sura moja tu, ile inayozungumzia vimeng'enya viwili vinavyofanana ndani ya kimelea. Humo kila sentensi, ikisomwa peke yake, ni Kiswahili safi. Lakini ukizisoma kwa pamoja zinafundisha jambo lisilo kweli. Kosa la namna hii ni la hatari kuliko kosa la sarufi, maana kosa la sarufi humshtua msomaji, na hili humpita bila kumgutusha.

Kwa hiyo hatutajadili ufasaha. Tutajadili iwapo istilahi zilizochaguliwa zinabeba dhana zilizokusudiwa.

2. Jambo lenyewe

Kabla ya kuhukumu maneno, hapana budi tuieleze dhana. Kimelea kinachohusika ni tripanosoma wa spishi iitwayo Trypanosoma brucei. Jamii yake moja, brucei, ni mojawapo ya vimelea vinavyoleta nagana kwa ng'ombe, ingawa kwa ng'ombe spishi za congolense na vivax ndizo zenye madhara makubwa zaidi. Jamii nyingine, rhodesiense, huleta malale kwa binadamu katika Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo. Vyote hivi huenezwa na mbung'o, na mfugaji wa Manyoni anayepeleka mifugo upande wa Rungwa hahitaji kitabu ili amjue mdudu huyo.

Kama seli nyingine, tripanosoma hupokea habari za mazingira yake na kuzipitisha ndani kwa njia ya kemikali. Mojawapo ya kemikali hizo ni AMP ya duara. Mmarekani Earl Sutherland, aliyeigundua, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1971 kwa utafiti wake juu ya namna homoni zinavyotenda kazi, na tangu wakati wake kemikali hiyo imeitwa mjumbe wa pili: homoni hufika mlangoni mwa seli ikiwa mjumbe wa kwanza, na AMP ya duara huuchukua ujumbe hadi ndani. Lakini ujumbe usiokoma si ujumbe tena. Hapana budi pawe na kitu cha kuiondoa AMP ya duara baada ya ujumbe kufika. Kitu hicho ni vimeng'enya viitwavyo fosfodiesterasi, ambavyo huikata AMP ya duara na kuifanya AMP ya kawaida, isiyokuwa na ujumbe.

Tripanosoma anavyo vimeng'enya kadhaa vya namna hii. Viwili kati yake, vinavyoandikwa PDEB1 na PDEB2, ndivyo kiini cha mjadala wetu. Vinafanana sana. Jeni zake zimekaa jirani katika kromosomu moja, na vyote viwili hukata kemikali ileile kwa namna ileile. Tofauti iliyo wazi ni ya makazi: PDEB1 imeshikamana na mjeledi, ilhali PDEB2 huonekana katika mjeledi na pia katika sehemu nyingine za mwili wa seli.

Mwaka 2007 watafiti wa Uswisi walitangaza matokeo ya jaribio muhimu juu ya vimelea wa hatua ile inayoishi katika damu. Walipozima utengenezaji wa PDEB1 peke yake, kimelea hakikudhurika kwa kiasi cha kuonekana. Walipozima PDEB2 peke yake, hali ilikuwa hivyohivyo. Lakini walipozima vyote viwili kwa pamoja, AMP ya duara ilifurika, seli zikashindwa kugawanyika sawasawa, na vimelea wakafa. Kwa kifupi, katika damu kimoja chaweza kushika nafasi ya kingine, na kimelea hakiwezi kuishi bila vyote viwili.

Lau mambo yangeishia hapo, pengine tungesema kwamba vimeng'enya hivi havina tofauti. Ila mwaka 2019 watafiti wengine walionyesha kwamba ndani ya mbung'o hali ni nyingine. Kimelea kilichoondolewa PDEB1 kilishindwa kuvuka utando uliomo ndani ya utumbo wa mdudu, na hivyo kikashindwa kuendelea na safari yake. Huko PDEB2, ingawa ipo, haikutosha kuziba pengo.

3. Neno "kazi"

Rasimu inasema kuwa vimeng'enya hivi viwili "hufanya kazi moja". Hapa ndipo lilipo kosa la kwanza, na ndilo mama wa makosa yote.

Katika Kiswahili cha kila siku neno kazi hubeba mambo matatu. Kwanza, hubeba tendo lenyewe, kama tusemavyo kwamba kazi ya jembe ni kulima. Pili, hubeba wajibu wa mtu katika mahali fulani, kama tusemavyo kazi ya mtendaji wa kijiji. Tatu, hubeba matokeo, kama tusemavyo kwamba dawa imefanya kazi. Katika mazungumzo mambo haya hayatupotezi, kwa kuwa muktadha hutuongoza. Katika maelezo ya vimeng'enya muktadha hautuongozi, kwa sababu lililoko mbele yetu ni hilohilo: tendo ni moja, wajibu ni tofauti, na matokeo hutegemea mahali na wakati.

Tutoe mfano wa karibu. Katika vijiji vingi vya nyanda kavu za Dodoma, watu na mifugo hutegemea chanzo cha maji zaidi ya kimoja. Tuchukue kijiji chenye kisima karibu na nyumba na lambo mbali huko malishoni. Ukiuliza vinafanya nini, jibu ni kwamba vyote hutoa maji, na maji ni yaleyale. Wakati wa masika, kisima kikiharibika kijiji hakifi, na lambo likibomoka mifugo haifi. Kimoja huziba pengo la kingine. Lakini kiangazi kikikaza, na ng'ombe wakiwa mbali malishoni, lambo likikauka kisima cha nyumbani hakiwasaidii. Je, tuseme vyanzo hivi viwili vina kazi moja? Atakayesema hivyo katika mpango wa maji wa kijiji atasababisha hasara. Atakayesema hivyo katika kitini cha vimeng'enya atasababisha hasara ya namna hiyohiyo, ila yake haitaonekana upesi.

Kwa hiyo tunashauri kwamba neno kazi liachwe katika maelezo ya kitaalamu ya vimeng'enya, na mahali pake patumike maneno mawili. Tendo la kikemia liitwe mmenyuko, neno lililokwisha kuzoeleka katika vitabu vya kemia. Wajibu wa kimeng'enya katika maisha ya seli uitwe dhima. Sentensi ya rasimu itasomeka hivi: vimeng'enya hivi huendesha mmenyuko mmoja, katika damu dhima zao hukutana, na katika mbung'o dhima zao huachana. Imekuwa ndefu kidogo, lakini sasa ni ya kweli.

4. "Pacha", "cha ziada" na "kuua"

Baada ya kuteleza katika neno kazi, rasimu imelazimika kuteleza tena mara tatu.

Kwanza, vimeng'enya hivi vimeitwa "vimeng'enya pacha". Twaelewa ni nini kilichomvuta mfasiri: jeni mbili zinazofanana, zimekaa ubavu kwa ubavu. Lakini pacha ni wawili kwa desturi, wamezaliwa pamoja, na mara nyingi neno hilo humfanya msikilizaji afikirie watu wasiotofautishika. Vimeng'enya vya namna hii vyaweza kuwa vitatu, vitano au zaidi. Fosfodiesterasi za binadamu zimegawanywa katika familia 11, na ndani ya familia nyingi mna zaidi ya kimoja. Istilahi inayofaa kwa mfano mmoja na kukataa mifano mingine si istilahi, ni tashibiha.

Pili, PDEB2 imeitwa "kimeng'enya cha ziada". Neno ziada humwambia msomaji kwamba kitu hicho kimezidi mahitaji na kingeweza kutolewa bila hasara. Jaribio la mwaka 2007 halikusema hivyo. Lilichosema ni kwamba kila kimoja chaweza kushika nafasi ya mwenzake pale mwenzake asipokuwapo. Watumishi wa serikali wanalo neno kamili la jambo hili, nao hulitumia kila siku bila kufikiri kwamba ni hazina ya istilahi: kukaimu. Ofisa anayekaimu nafasi ya mkuu wake hawi ofisa wa ziada. Anacho cheo chake, anacho kiti chake, na mkuu akirudi hurudi mahali pake. Tena si kila nafasi yaweza kukaimiwa na kila mtu. Ndivyo ilivyo kwa vimeng'enya: katika damu hukaimiana, katika mbung'o ukaimu wa PDEB2 hautoshi. Tunapendekeza ukaimiano uwe istilahi ya hali hii.

Tatu, rasimu inasema kwamba dawa "itaua kimeng'enya". Kimeng'enya ni protini, hakina uhai wa kuuawa. Kinachouawa ni kimelea. Kimeng'enya huzuiwa, na kemikali inayokizuia ni kizuizi. Huenda msomaji akaona kwamba tunapima kwa mizani ya dhahabu. La hasha. Anayesoma kwamba kimeng'enya kimeuawa hataelewa kwa nini baadhi ya vizuizi vikiondoka mmenyuko huanza upya.

Yafaa kuongeza kasoro ndogo. Mdudu anayeeneza ugonjwa ameitwa ndorobo katika kurasa fulani, na mbung'o katika nyingine. Majina yote mawili yanajulikana, lakini kitini kimoja kichague moja na kulishika, ama sivyo mwanafunzi ataandika katika mtihani kwamba wadudu ni wawili.

5. Hasara yake ni nini?

Msomaji mwenye haraka aweza kuuliza: je, tofauti kati ya mmenyuko na dhima ina faida gani kwa ofisa mifugo wa Mpwapwa au Kondoa? Jibu limo katika dawa.

Kama vimeng'enya viwili vina kazi moja, na kimoja ni cha ziada, basi msomaji atahitimisha kwamba kukizuia kile kikuu kwatosha. Matokeo ya utafiti ni kinyume chake: kizuizi kinachofaa dhidi ya kimelea katika damu ni kile kinachogusa vyote viwili. Mwaka 2012 watafiti walichapisha habari za kemikali yenye sifa hiyo, na kwa njia hiyo wakathibitisha kwamba vimeng'enya hivi ni shabaha inayofaa kwa dawa. Aidha hapana budi kizuizi hicho kiziache salama fosfodiesterasi za mgonjwa mwenyewe, ambazo nazo huendesha mmenyuko uleule. Mtu aliyefundishwa kwamba kazi ni moja hawezi kuiona shida hii, sembuse kuieleza kwa wafugaji.

Mfano mzito zaidi watoka katika dawa za maumivu. Mwaka 1971 Mwingereza John Vane alionyesha kwamba aspirini huzuia utengenezaji wa prostaglandini, kemikali ambazo seli huzitumia kupelekeana ishara za maumivu, homa na uvimbe. Mwaka 1982 alikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilibainika kwamba kimeng'enya kinachozuiwa, saiklooksijenasi, kina ndugu. COX-1 huwapo kwa kawaida katika tishu nyingi, na miongoni mwa dhima zake ni kulinda ngozi ya ndani ya tumbo na kusaidia damu kuganda. COX-2 huongezeka penye uvimbe. Kutokana na hayo pakazuka maelezo mepesi: kimoja ni kimeng'enya chema cha ulinzi, kingine ni kimeng'enya kibaya cha maumivu, basi tukizuie kile kibaya tu.

Dawa zikatengenezwa kwa fikra hiyo. Mojawapo, rofecoxib, iliyouzwa kwa jina la Vioxx, iliingia sokoni mwaka 1999, na mwaka 2004 kampuni ya Merck iliiondoa kote duniani baada ya kudhihirika kwamba iliongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi. COX-2 haikuwa kimeng'enya cha maumivu peke yake. Ilikuwa na dhima katika mishipa ya damu pia, ambako prostaglandini zinazotokana nayo husaidia kuzuia damu isigande ovyo, na ilikuwa na dhima katika figo. Mmenyuko ni mmoja. Dhima ni nyingi, na hubadilika kwa kadiri ya mahali.

Hatudai kwamba jina baya ndilo lililodhuru watu. Twadai kwamba jina linalotaja dhima moja huzifunika dhima nyingine, na kwamba mfasiri anayeandika "kimeng'enya cha maumivu" kana kwamba ni istilahi ameifungia lugha mlango ambao sayansi imekwisha kuufungua. Funzo kwa waundaji wa istilahi ni hili: vimeng'enya ndugu visipewe majina kwa dhima zao. Vipewe majina kwa mmenyuko na kwa ukoo, kisha vitofautishwe kwa namba au herufi.

6. Wanasayansi nao husanifisha

Wapo wanaodhani kwamba usanifishaji ni ugonjwa wa lugha changa peke yake. Historia ya PDEB1 na PDEB2 yawakanusha. Mwanzoni vimeng'enya hivyo vilichapishwa kwa majina ya PDE2B na PDE2C. Tatizo likaonekana: namba 2 ingeweza kumfanya msomaji adhani kwamba ni ndugu wa karibu wa familia ya pili ya fosfodiesterasi za binadamu. Mwaka 2006 watafiti wa vimelea vya kundi hilo walikubaliana juu ya mfumo mmoja wa majina, na majina ya zamani yakaachwa. Walifanya kile kifanywacho na kamati zetu za istilahi.

Neno la kimataifa la dhana yenyewe pia lina tarehe yake. Lilipendekezwa mwaka 1959 na Markert na Møller, waliokuwa wakichunguza kimeng'enya cha laktati kinachopatikana katika maumbo matano kwa kuunganishwa vipande vya aina mbili, kimoja kikizidi katika moyo na kingine katika misuli. Mapendekezo ya kimataifa ya mwaka 1976 yakaweka mpaka: jina hilo litumike pale tu ambapo tofauti imetokana na jeni. Pana dhana nyingine pana zaidi, isofomu, ambayo huingiza pia maumbo mbalimbali ya protini yatokanayo na jeni moja. Tukitafsiri dhana hizi mbili kwa neno moja, tutakuwa tumebomoa mpaka uliojengwa kwa makusudi.

7. Mapendekezo

Kwa kuzingatia hayo, na kwa kufuata kanuni zinazofahamika za uundaji wa istilahi, yaani usahihi, uwazi, ufupi, upatanifu na kukubalika, tunapendekeza yafuatayo.

(a) Dhana iliyowekewa mpaka mwaka 1976 iitwe kimeng'enya ndugu, wingi vimeng'enya ndugu. Ndugu huwa wengi au wachache, huwa na asili moja, hufanana bila kuwa sawasawa, na kila mmoja huwa na makazi yake. Tunakiri upungufu mmoja: undugu peke yake hausemi kwamba mmenyuko ni mmoja. Hivyo fasili katika kamusi iseme wazi: vimeng'enya vya kiumbe kimoja vinavyotokana na jeni tofauti na kuendesha mmenyuko mmoja.

(b) Dhana pana zaidi ibakie isofomu, kwa utohozi. Hakuna aibu katika kukopa pale ambapo neno la asili lingeleta utata.

(c) Kundi kubwa lenye asili moja liitwe familia ya vimeng'enya, ili ndugu wasichanganywe na binamu.

(d) Mmenyuko na dhima yatenganishwe daima, na neno kazi liachiwe mazungumzo ya kawaida.

(e) Hali ya kimeng'enya kimoja kushika nafasi ya kingine iitwe ukaimiano, na neno ziada lisitumike.

(f) Majina ya vimeng'enya vyenyewe, kama PDEB1 na COX-2, yaandikwe kama yalivyo kimataifa, bila kuongezewa sifa ya wema au ubaya.

Tunatambua pingamizi itakayotolewa: kwamba isoenzaimu ingetosha, na walimu wangeipokea bila taabu kwa kuwa wanaifahamu kutoka Kiingereza. Yawezekana. Ila walimu si wasomaji peke yao. Kitini hiki kitasomwa na ofisa mifugo msaidizi ambaye kesho yake atasimama zizini mbele ya wafugaji na kuulizwa kwa nini dawa mpya haijapatikana. Akiwa na neno ndugu na neno kukaimu, ataweza kujibu kwa lugha ambayo yeye mwenyewe anaielewa na wanaomsikiliza wanaielewa. Akiwa na isoenzaimu peke yake, atalazimika kuitafsiri papo hapo, na huenda akarudia kilekile tunachokikataa: kwamba ni vitu viwili vyenye kazi moja.

Rasimu tumeirudisha kwa mfasiri pamoja na maelezo haya. Mapendekezo yetu si sanifu mpaka yatakapojadiliwa na kupitishwa na kamati inayohusika. Kwa hiyo tunawaomba wasomaji wetu, hususan walimu wa biolojia na wataalamu wa mifugo na tiba, watuandikie maoni yao, na hasa watuonyeshe mfano wa vimeng'enya ambao maneno ndugu na ukaimiano hayatauenea. Mfano mmoja wa namna hiyo utatufaa kuliko sifa nyingi.